Mmea Si Fanicha

Kuna hadithi tunauziwa siku hizi, na tunainunua bila hata kuomba tupunguziwe: kwamba kijana wa mjini aliyeomoka ni yule mwenye kona ya kijani sebuleni. Kochi la kijivu, taa ya manjano, kikombe cha kahawa, na nyuma yake jani moja kubwa lenye matundu. Picha inapigwa, inapandishwa Instagram, mioyo inamiminika. Miezi miwili baadaye jani limekauka, chungu kiko nje kando ya ndoo ya taka, na mwenye picha anatangaza kwa kicheko kwamba yeye ni muuaji wa mimea. Hana mkono.

Huo ni uongo, na ni uongo unaomfaa muuzaji, kwa sababu asiye na mkono hurudi kununua tena. Wewe ni mjukuu wa watu waliolisha nyumba nzima kwa kipande cha shamba nyuma ya jikoni. Mmea wako umekufa kwa sababu ulipewa maagizo ya nchi nyingine, ukachaguliwa mmea kwa ajili ya kamera, na ukafundishwa wazo bovu kwamba mmea ni fanicha: unanunua, unaweka, unaangalia. Mimi nasema hilo wazo tulitoe kejani kabla ya kununua chungu kingine.

Tuanze na maagizo. Video za mimea zinakwambia weka chungu kwenye dirisha linaloelekea kusini. Huo ni ushauri wa London na New York, ambako jua la mchana hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko kama digrii 1 tu kusini mwa Ikweta. Huku jua linahama. Kuanzia Aprili hadi Agosti linapita upande wa kaskazini, kuanzia Oktoba hadi Februari linapita upande wa kusini, na Machi na Septemba linapita karibu utosini. Kwa hivyo balkoni ya kusini, ile uliyoambiwa ni dhahabu, mwezi wa Juni itashinda kivulini, na Juni yenyewe ndiyo ile ya baridi na mawingu. Ukikaa ghorofa inayoelekea mashariki, una jua la asubuhi, la upole. Magharibi utapata la alasiri, linalochoma. Hayo hayamo kwenye video. Yamo kwenye ukuta wa nyumba yako, na yanataka wiki moja tu ya kuangalia kivuli kinaanguka wapi saa nne na saa tisa.

Video hizo hizo zinakwambia ikifika Novemba upunguze maji, mimea inalala. Inalala wapi? Novemba kwetu ni mvua za vuli, na chochote chenye mizizi kinakimbia. Mtu anafuata kalenda ya theluji akiwa Umoja au Kitengela, halafu anashangaa kwa nini mmea umegoma.

Sasa tuje kwa mimea yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kichekesho kinageuka matusi. Ule mmea wa majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, unaoitwa ZZ, unaouzwa kama mgeni wa heshima kwa maofisi ya Westlands, jina lake la kisayansi ni Zamioculcas zamiifolia. Kwao ni Afrika Mashariki na kusini, kuanzia Kenya kuteremka hadi Afrika Kusini. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuukuza kwa wingi miaka ya 1990, dunia ikaupenda, nasi tukaupokea kama umetoka ng'ambo. Tena tunaua hata huo, kwa maji mengi, ilhali umezoea ukame na unaweka akiba ya maji kwenye viazi vyake chini ya udongo. Ukiumwagilia kila siku unauzamisha.

Au lile ua dogo la zambarau ambalo bibi wa Kizungu kwenye sinema huwa nalo dirishani. Asili yake ni milima ya Usambara, Tanzania. Ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao mwaka 1892, na kwa muda mrefu wanasayansi wakaliita Saintpaulia kwa jina la familia yake. Ndugu zake wanaota kwenye kivuli cha miamba huku kwetu pia, Taita na misitu ya Pwani, na kadiri misitu inavyokatwa ndivyo makao yao yanavyopungua. Ua limejaa madirisha ya Ulaya, na kwao linatafutiwa pa kushika mizizi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tumeuacha mbacha, tukangoja urudi na jina la kigeni ndipo tuutandike.

Lakini hata maua si kilio changu kikubwa. Kilio changu ni mboga.

Managu, terere, saga, kunde, mrenda, nderema. Hizi ndizo mboga ambazo kwa miaka mingi kijana aliyesoma aliona aibu kuzitaja mbele ya wageni. Zilikuwa magugu, chakula cha kina nyanya, chakula cha njaa. Mwaka 2021 UNESCO iliweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kienyeji kwenye orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Sasa mkahawa unakuwekea vijiko vitatu vya managu kwenye sahani nyeusi na kukutoza bei ya debe. Ni ile safari ya ZZ tena: kitu ni cha aibu mpaka mwingine akipe bei.

Na kwa taarifa yako, hizi mboga zinafaa balkoni kuliko lile jani lenye matundu. Nderema ni mtambaazi. Ipe kamba na chuma za balkoni, itapanda yenyewe na kukupa kivuli, maua na mboga kwa pamoja. Ukipata kipande cha shina kwa mama mboga, kichomeke udongoni, kina nafasi nzuri ya kushika. Terere unaanza kuivuna baada ya wiki tatu au nne, na shina moja ukiliacha lizae linakupa maelfu ya mbegu, za kwako na za jirani. Managu ukikata ncha, inatoa matawi. Saga ina haraka ya kutoa maua, kwa hivyo unayakata mapema majani yaendelee. Dania, unasaga mbegu kidogo igawanyike kabla ya kupanda. Kitunguu cha majani hakihitaji hata mbegu: ule sehemu ya juu, upande mizizi. Na rosmari unayonunua supamaketi kwa kipakiti, ndiyo ua la ofisi unalopita kila asubuhi. Muombe askari wa geti kijiti kimoja, toa majani ya chini, chomeka kwenye udongo wenye mchanga, usubiri.

Chombo? Mtungi wa lita 20 uliopasuka unatosha. Tia matundu chini, maana mmea unaokaa kwenye maji yaliyotuama unaoza mizizi. Udongo uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Usichote udongo kando ya barabara kubwa wala karibu na jaa, kwa sababu sumu za huko haziondoki kwa kuosha majani. Maji ya mgao? Yale ya kuoshea mchele na mboga yanatosha, mradi hayana sabuni.

Najua pingamizi zinakuja. Ya kwanza: mimi mpangaji, landilodi hataki vyungu. Sawa, na mwenye nyumba ana sababu mbili za haki, chungu kinaweza kumwangukia mtoto wa watu, na maji yanadondokea nguo za wa chini. Basi weka sinia chini ya chungu na ukiweke ndani ya chuma, kamwe si juu yake. Ukishafanya hivyo na bado keateka anapita akihesabu miche kama anayehesabu bangi, hapo ujue jambo limeacha kuwa usalama. Nairobi ina sheria ya kaunti ya kuendeleza kilimo cha mjini tangu 2015. Mji wenyewe umekubali kwamba wakazi wake wanaweza kulima. Ni ajabu mkataba wa kodi ukatae kile ambacho jiji limekubali, na ni ajabu zaidi sisi tunatia sahihi bila kuuliza swali moja.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na ninaiheshimu. Mtu atasema: hizi ni hadithi za kutufanya maskini tujilishe wenyewe. Bei ya unga ikipanda, kiongozi anatokea kwenye runinga na kusema pandeni sukuma kwa magunia. Hapo niko upande wako. Gunia la sukuma si sera ya chakula. Nderema haijawahi kulipa kodi ya nyumba, na kiongozi anayekupa ushauri wa bustani ulipomuuliza kuhusu mshahara anakukwepa. Lakini tusimwachie yeye gunia. Kibera, magunia yalienea baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, shirika la Solidarités likisambaza miche na mafunzo wakati chakula kilikuwa adimu na ghali. Miche ikachomekwa juu na ubavuni, nguzo ya mawe katikati ili maji yashuke hadi chini. Waliolima hawakuwa wanatafuta picha. Walipata mboga ya jioni, na hela ya mboga ikanunua kitu kingine. Huo ni msaada mdogo, lakini ni wa kweli, na unaweza kuushika kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukidai haki yako.

Ya tatu: kwani lazima kila kitu kiliwe? Siruhusiwi kupenda ua? Unaruhusiwa, tena sana. Nenda Mombasa au Lamu uone asumini na mrehani nyumbani. Asumini inachumwa jioni, inatungwa na rehani, inakuwa kikuba cha kuvaliwa kifuani. Huo ni urembo mtupu, hauna vitamini. Tofauti ni kwamba anayechuma anaujua mti, anajua unafunguka saa ngapi, unakatwa wapi ili uzae tena, na jirani akitaka anakatiwa tawi. Ua linaishi katikati ya watu. Sina ugomvi na uzuri. Ugomvi wangu ni na uzuri wa kununua, usiokudai ujue chochote.

Maana kujua ndiko kunakopotea, na hapa mambo yanatoka balkoni na kufika bungeni. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, baada ya marekebisho ya 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa kuwa kosa, na adhabu ilifika kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 1. Soma tena hiyo. Nyanya yako kumpa jirani kikombe cha mbegu za kunde, desturi ya tangu jadi, kuliweza kuitwa uhalifu. Na yote haya huku Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, ikilitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za kienyeji na umiliki wake kwa jamii za Kenya. Wakulima 15 wakaenda kortini mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba.

Wakulima 15, wasee. Wakati sisi tulikuwa tunabishana mtandaoni kuhusu chungu cha rangi gani kinapendeza na zulia, wao walikuwa wanatupigania haki ya kupeana mbegu. Na haki isiyotumiwa ni karatasi. Mahakama inaweza kuruhusu mbegu ibadilishwe, lakini haiwezi kuipanda. Mbegu iliyowekwa kwenye chupa ya soda juu ya kabati inapoteza nguvu mwaka hadi mwaka. Ikikosa mtu wa kuipanda, hakuna haja ya sheria ya kuikataza. Itakwisha yenyewe, na wa mwisho kuijua atazikwa nayo.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na halihitaji doo. Ukienda ocha Desemba, usirudi na kuku pekee. Muulize nyanya, shangazi, yeyote anayelima, mbegu zake ziko wapi. Atacheka, halafu atakufungulia kitambaa. Muulize hii inaitwaje kwa lugha ya nyumbani, inapandwa mvua gani, inapikwa na nini kuondoa uchungu. Andika kwenye simu. Ukirudi mjini panda nusu kwenye ule mtungi uliopasuka, na nusu mpe mtu wa mlango wa pili ambaye miaka miwili sasa mnasalimiana kwa nyusi tu. Ikiota, acha mashina mawili yazae bila kuyachuma, ukaushe mbegu kivulini, uzifunge kwenye karatasi na uandike jina na mwezi.

Lile jani lenye matundu kama bado liko hai, libaki, halina kosa. Lisogeze kidogo tu, terere nayo ipate jua.