Jua halikutikisa Bukavu: tuangalie chini ya miguu yetu

Kila mara ardhi inapotikisika huku kwetu, simu nazo zinaanza kulia. Sauti za WhatsApp zinapita kartie kwa kartie: eti jua limelipuka, eti usiku wa leo litakuja tetemeko kubwa zaidi, mulale inje. Mama anatoa watoto kwenye baridi. Asubuhi, hakuna kitu. Je, jua linaweza kweli kutikisa udongo?

Tuanze na yaliyo kweli. Karibu kila miaka 11 jua linachangamka, na mara nyingine linarusha chembe zenye umeme mpaka huku. Ndiyo dhoruba ya jua. Inaweza kusumbua redio, GPS, hata nyaya za umeme. Mwaka wa 2020 watafiti wa Italia waliandika kwamba matetemeko makubwa yanaonekana kufuata mabadiliko ya chembe hizo. Kwa hiyo swali si la ujinga. Lakini mwaka wa 2013 wataalamu wawili wa Marekani, Love na Thomas, walikuwa wamechunguza matetemeko ya zaidi ya miaka 100, wakakosa uhusiano wa kuaminika.

Sisi pia tuna ushuhuda wetu. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, siku ya yenga asubuhi, tetemeko la kipimo cha karibu 6 lilipiga Bukavu na Rusizi, ngambo ya Rwanda. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi upande wa Rwanda, wengine wakiwa kanisani. Jua lilikuwa namna gani? Limelala. Mwaka ule lilitulia kuliko miaka mingi iliyotangulia. Kinyume chake, mwezi wa tano 2024 ikaja dhoruba ya jua kali kuliko zote tangu 2003. Mwezi ule mzima, hakuna tetemeko hata moja duniani lililofika 7.

Sababu yetu iko chini. Ziwa Kivu na Tanganyika ziko ndani ya bonde la ufa, pahali Afrika inapasuka pole pole, milimita chache kila mwaka. Miamba inavutwa, inavumilia, kisha siku moja inakatika. Tena dhoruba ya jua inagusa dunia yote mara moja: itakuambiaje kama ni Kalemie, Uvira ao Goma itakayotikisika? Hakuna mtu anayejua siku na saa.

Hatari ya uongo huu ni kwamba tunaogopa mbingu na kusahau ukuta. Mara nyingi anayeua ni ukuta: matofali bila vyuma, nyumba iliyobandikwa kwenye mteremko. Kabla ya kutuma ile sauti kwa jirani, uliza nani amesema. Kisha uangalie kitanda cha watoto wako kiko chini ya ukuta gani.