Usinunue marashi kwa harufu ya kwanza

Marashi ya maua ya mtindo wa zamani yamerudi: waridi, jasmini na ile harufu ya poda tuliyoijua kwa mama zetu. L'Air du Temps ya Nina Ricci ilitoka Ufaransa mwaka 1948 na mpaka leo inauzwa.

Chupa moja inaweza kumeza likelemba yako, basi jaribu kabla ya kulipa. Usinuse kifuniko tu. Pulizia kidogo kwenye kifundo cha mkono, usisugue, uendelee kuzunguka sokoni. Mwanzoni harufu ni kali, pengine kama sabuni. Baada ya robo saa inatulia, maua yanajitokeza. Nusa tena baada ya masaa matatu: kinachobaki kwenye ngozi ndicho utakachokaa nacho. Ngozi hazifanani; yanayompendeza jirani yanaweza kukukataa wewe. Muuzaji akikatalia usijaribu, mwachie chupa yake.

Ukiyapata, pulizia mara moja au mbili tu. Anayenyonyesha asipake kifuani, mtoto anamtambua mama kwa harufu yake. Na kwenye mkutano, marashi yasifike kabla yako.