Barua ya wazi kwa OSHA: Bafuni nako ni mahali pa kazi

Mtendaji Mkuu,
Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA),
Dodoma.

YAH: USALAMA WA SISI TUNAOSAFISHA NYUMBA ZA WATU



Sisi ni wafanya usafi wa nyumba kwa nyumba jijini Dar es Salaam: leo Mikocheni, kesho Upanga, keshokutwa Mbezi Beach. Hatulali kwa bosi kama dada wa kazi. Tunaingia asubuhi, tunasugua, tunalipwa, tunaondoka. Kazi yetu ni ya halali na tunaiheshimu. Kinachotuumiza ni dawa tunazokabidhiwa bila kuambiwa ni dawa gani.

Mitaani kwetu dawa ya choo inauzwa ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa. Haina jina, haina onyo, haina tarehe. Tunaitambua kwa rangi tu, na isiyo na rangi huenda ikawa jiki, huenda ikawa asidi ya kuondolea saruji kwenye marumaru. Hizo mbili zikikutana ndipo balaa linapoanza. Jiki ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumika kuua askari vitani kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama chini, na chini ndiko aliko mtu aliyechuchumaa akisugua sinki la choo. Hata asidi isipokuwepo, jiki ikimwagwa kwenye choo chenye mkojo uliolala, amonia iliyomo hutoa gesi nyingine inayochoma macho na koo.

Aliyejifunza kazi hii kwa kumtazama mwenzake atayajuaje haya? Tunachorithishana ni kwamba doa sugu linataka mchanganyiko mkali. Bosi naye akisema changanya ing'ae, unachanganya, kwa sababu kesho unataka kuitwa tena. Na bafu zenyewe zina kidirisha kidogo, tena kimefungwa kwa ajili ya mbu.

Mwenzetu mmoja alitoka bafuni akikohoa hadi akakaa sakafuni. Akapewa maziwa anywe! Maziwa yanakwenda tumboni, gesi imo kwenye mapafu. Mtu kama huyo atolewe nje haraka apate hewa, na kifua kikiendelea kubana apelekwe hospitali. Aliyerukiwa machoni aoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, asifutwe kwa kanga. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Maneno haya yote yanatosha kwenye karatasi moja ya Kiswahili, na karatasi hiyo sijaiona ikibandikwa popote tunapofanya kazi.

Tunajua mna viwanda, migodi na majengo marefu ya kukagua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, imewapa mzigo mkubwa. Lakini sijapata kusikia mkaguzi aliyegonga geti la nyumba ya mtu akauliza anayesafisha humo amepewa glavu gani. Tunaambiwa ni faragha, nasi faragha ya watu tunaitunza kuliko yeyote, maana tunaingia hadi vyumbani mwao. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) Na. 189 wa mwaka 2011 ulilifikiria hilo: kifungu cha 13 kinampa mfanyakazi wa nyumbani haki ya mazingira salama ya kazi, na cha 17 kinazungumzia masharti ya mkaguzi kuingia nyumbani huku faragha ikilindwa.

Tena hamhitaji kuingia sebuleni kwa mtu ili muanze. Kampuni za usafi na mawakala wanaotutafutia kazi wana ofisi. Anzeni huko: asitumwe mtu kwenye nyumba kabla hajafundishwa dawa ipi haikutani na ipi, na kabla hajapewa glavu na viatu visivyoteleza. Asitumwe pia kufuta vioo vya ghorofa ya nne akiwa amesimama kwenye kizingiti cha dirisha, mkono mmoja umeshika grili. Kisha kaeni na Mkemia Mkuu wa Serikali na Shirika la Viwango (TBS), mzifuate chupa hizo hadi zinakojazwa. Chupa ya maji iliyojazwa asidi inamngoja pia mtoto wa nyumba hiyo akiwa na kiu.

Liko pia suala la fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) unachangiwa na mwajiri, lakini mtu mwenye mabosi watano kwa wiki, na hakuna hata mmoja aliyemwandikia mkataba, nani anamchangia? Tunaomba jibu la maandishi.

Tukipangiwa siku, tutakuja wenyewe kwenye ofisi yenu ya hapa Dar es Salaam na chupa tunazotumia, zipelekwe kwa Mkemia Mkuu zipimwe, tuambiwe kilichomo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfanya usafi wa nyumba,
Kinondoni, Dar es Salaam.