MICHEZO: Ushupavu na Ufundi

Sisi wakaao Pipeline, Nairobi, tungali tukibishana juu ya mchezo wa Kenya na Moroko uliochezwa Kasarani tarehe 10 Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN. Wamoroko walipasiana kwa utulivu, mguu kwa mguu. Wakenya walijihami na kungoja nafasi. Ryan Ogam aliipata dakika ya 42, akafunga. Punde Erambo akatolewa nje. Waliosalia kumi wakalilinda bao lile hadi mwisho.

Lakini Madagaska ilitutoa kwa mikwaju ya penalti, na Moroko ikatwaa kombe tarehe 30 Agosti. Ushupavu huleta ushindi wa siku moja. Kombe hutaka na ufundi, na ufundi hutaka kiwanja. Je, katikati ya maghorofa haya, watoto wetu wajifunzie wapi?