Kabla hujamfuata msituni, uliza nani humkosoa

Hadi Aprili 2023 Shakahola lilikuwa jina la msitu tu, huko bara ya Malindi, na wengi wetu hatukuwahi kulisikia. Leo ukilitaja kanisani watu wananyamaza. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo, miongoni mwake ya watoto wengi, na uchunguzi wa madaktari wa serikali ulionyesha kuwa wengi wao walikufa kwa njaa. Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwafundisha wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu, alikana mashtaka aliposomewa mwaka 2024. Hayo tuwaachie majaji. Lakini mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti hiyohiyo ya Kilifi. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo lililopita.

Nimesikia maelezo mawili yakirudiwa sana baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama nje wakisalimiana. La kwanza ni kwamba waliokwenda kule walikuwa wajinga. Hilo si kweli. Walitoka kaunti mbalimbali, na miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma na waliokuwa na kazi za mshahara. La pili ni kwamba haya ndiyo matokeo ya watu kuzama mno katika mambo ya kiroho, kwamba dini ya kiasi, ya Jumapili asubuhi na kurudi nyumbani, ingewaokoa. Hili la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Kufunga, kwenda jangwani, kumtafuta Mungu kwa kuacha starehe, hayo si mageni kwetu. Musa alifunga, Eliya alifunga, Bwana wetu mwenyewe alikaa nyikani siku 40. Basi badala ya kuikimbia njia hiyo, tuwaulize waliokwisha kuipita. Wapo wengi, na si Wakristo peke yao.

Tuanze na Antoni wa Misri, aliyezaliwa karibu mwaka 251, ambaye watawa wengi humwita baba yao. Alisikia Injili ya yule kijana tajiri ikisomwa kanisani, akagawa mashamba aliyorithi, akaondoka. Lakini hakwenda moja kwa moja jangwani kuanzisha chake. Alimtafuta kwanza mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa amezoea maisha ya upweke, akajifunza kwake, kisha akawazungukia wengine, kwa huyu akijifunza upole, kwa yule kukesha. Baadaye alijifungia karibu miaka 20 ndani ya ngome iliyoachwa. Askofu Atanasi wa Aleksandria, aliyeandika habari zake, anasimulia kuwa rafiki zake walipouvunja mlango walitazamia kumkuta amekongoroka. Wakastaajabu: hakuwa amenenepa kwa kukaa bila kazi, wala hakuwa amekondeana kwa kufunga. Mwili wake ulikuwa vilevile walivyomjua. Katika miaka yote hiyo aliletewa mikate. Mtu aliyeshindana na mashetani usiku kucha alikuwa na utaratibu wa kupata chakula!

Kisa kingine cha jangwa hilohilo ningependa kila mchungaji akijue. Kimeandikwa na Yohane Kasiano, aliyekaa na watawa wa Misri mwishoni mwa karne ya 4. Kulikuwa na mzee aitwaye Heron, aliyeishi jangwani miaka 50. Hakuna aliyefunga kama yeye. Hata siku ya Pasaka, ndugu wote walipokusanyika kanisani na kula pamoja, Heron hakuja, asije akaonekana amelegeza mfungo wake kwa kuonja hata mboga kidogo. Basi akatokewa na aliyemdhania kuwa malaika, akamwambia ajitupe kisimani usiku, kwamba kwa sababu ya utakatifu wake hatadhurika. Heron akajitupa. Ndugu zake walimtoa kwa shida, nusu mfu, na hata hapo hakukubali kwamba alidanganywa. Siku ya tatu akafa.

Kasiano anakisimulia kisa hiki kueleza sifa ambayo wazee wa jangwa waliiweka juu ya nyingine zote, juu ya kufunga na kukesha na hata umaskini: busara ya kupambanua. Na busara hiyo, kwa mafundisho yao, haipatikani kwa kukaa peke yako na njozi zako. Inapatikana kwa kumfunulia mtu mwingine mawazo yako na kukubali akuambie hapana. Heron hakukosa imani wala bidii. Uzoefu alikuwa nao wa nusu karne. Alichokosa ni mtu wa kumkosoa, na alikikosa kwa sababu alikwisha kujitenga na meza ya wenzake.

Nikisoma habari za walimu wa dini nyingine nakuta jambo hili limejulikana huko pia. Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake wanamwita Buddha, kwa mapokeo yao alijitesa kwa njaa karibu miaka sita huko India, hadi mbavu zikahesabika. Kisha akatambua kuwa njia ile haimfikishi popote. Akapokea bakuli la wali wa maziwa kutoka kwa msichana aitwaye Sujata, akala. Wenzake watano waliokuwa wakifunga pamoja naye walimwacha kwa dharau, wakidhani amerudi kwenye anasa. Mafundisho yote aliyotoa baadaye, ya njia ya katikati, yanaanzia baada ya bakuli lile.

Majirani zetu Waislamu nao tunawaona kila Ramadhani. Jua likizama wanafuturu. Mtoto mdogo halazimishwi, mgonjwa na msafiri wana ruhusa, na hadithi zinasimulia kuwa Mtume Muhammad aliwakataza maswahaba kuunganisha mfungo wa siku moja na nyingine bila kula usiku. Imamu Ghazali, ambaye jina lake si geni kwa masheikh wa Lamu na Mombasa, aliacha kiti cha ualimu katika chuo mashuhuri cha Baghdad mwaka 1095, akaenda kuishi kifukara Damasko na Yerusalemu. Lakini katika kitabu chake kikubwa, Ihya, aliweka sehemu nzima kuhusu watu wanaojidanganya katika dini. Hakuwasema makafiri tu. Aliwasema wasomi wa dini, wacha Mungu na Masufi, yaani watu wa aina yake mwenyewe. Na mwaka 1106 alirudi darasani kufundisha.

Katika Kanisa letu, hakuna aliyeandika juu ya sala ya ndani kwa uzoefu kumzidi Teresa wa Avila, wa Hispania, aliyefariki mwaka 1582. Alipata njozi nyingi. Alipoambiwa na waungamishi wake aziandike, akaziandika ili zichunguzwe, na kitabu hicho kilifika hadi mikononi mwa baraza la kuchunguza uzushi. Alisisitiza apate mapadre wasomi wa kumpima kwa Maandiko, akisema wenye elimu nusunusu walimpotosha. Alipoanzisha nyumba za watawa alikuta baadhi ya masista wanazimia katika sala, saa nzima, na wenzao wanadhani wanatwaliwa na Mungu. Teresa hakuvutiwa. Aliwaagiza wakuu wa nyumba wawapunguzie masista hao mfungo, wawafanye walale vya kutosha na wawape kazi za mikono. Mara nyingi, aliona, ni udhaifu wa mwili tu. Mwanamke huyu ambaye Papa alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1970 alikuwa na tiba ya kwanza kwa njozi: chakula na usingizi. Nadhani angekuwa mgumu sana kumkubali katika baadhi ya mikesha yetu.

Sasa turudi Kenya, kwenye mjadala uliopo. Jopokazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi lilimkabidhi Rais ripoti yake Julai 2024, na tangu hapo tunajadili sheria ya kusimamia mashirika ya kidini. Wengi wanatamani mtindo wa Rwanda, ambako sheria ya mwaka 2018 inawataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia, na ambako maelfu ya nyumba za ibada zimefungwa. Siipingi elimu, Teresa angenicheka. Serikali nayo ina wajibu wa kuchunguza watoto wanapoacha shule na majirani wanapolalamika, na katika Shakahola kulikuwa na dalili miaka kadhaa kabla. Inauma kukumbuka kuwa kosa ambalo mahakama ya Malindi ilimfunga nalo mhubiri yule mwishoni mwa 2023, miezi 12, lilihusu studio na filamu zisizo na leseni.

Hata hivyo, tusidhani cheti ndicho kitakachotulinda. Huko Kanungu, Uganda, Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada la kundi lililotangaza mwisho wa dunia. Mmoja wa viongozi wa kundi hilo alikuwa padre aliyesoma hadi Marekani. Tena kuna upande wa pili. Amosi hakuwa na shule ya unabii. Alikuwa mchungaji wa kondoo na mtunza mikuyu, na kuhani Amazia alimfukuza Betheli kwa sababu pale palikuwa mahali pa mfalme. Serikali inayotoa leseni ya mahubiri inaweza siku moja kuichukua kwa sababu mahubiri hayaipendezi. Juni 2025 Tanzania ilifuta usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima, siku chache baada ya yeye kukemea utekaji wa watu. Upende au usipende mahubiri ya askofu huyo, tukio hilo linatosha kutufanya tutafakari tunamkabidhi nani ufunguo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inabaki kwetu tunaokaa kwenye mabenchi, na kwa maoni yangu haihitaji ujuzi wa Kigiriki. Mganga hajigangi, na mwalimu wa kiroho naye hajipimi mwenyewe. Nikialikwa kwenye huduma yoyote, iwe chini ya hema au chini ya mnara wa kengele, nataka kujua ni nani humwambia kiongozi kwamba hapa umekosea, na mara ya mwisho alipoambiwa hivyo alifanya nini. Je, yule aliyemwambia bado yuko kanisani, au alitangazwa kuwa na roho ya uasi? Kama shamba la kanisa liko kwa jina la mchungaji, akaunti anaisimamia mkewe, wazee amewateua yeye na sauti ya Mungu inamjia yeye peke yake, huyo ni Heron kabla ya kisima, hata kama hajafunga siku moja. Tofauti ni kwamba yeye ana watu nyuma yake.

Na tusiwanyooshee kidole wale wa mahema tu. Makanisa yetu ya zamani yana mabaraza, sinodi na parokia zenye kamati kila upande, lakini mara ngapi mweka hazina ameuliza swali akaonekana adui? Mara ngapi binti amelalamika juu ya kiongozi wa kwaya akaambiwa asiguse mpakwa mafuta wa Bwana? Neno hilo la mpakwa mafuta tumelitumia vibaya sana. Daudi aliyekataa kumwua Sauli ndiye huyohuyo aliyesimama ng'ambo ya bonde akampigia kelele kumwambia makosa yake hadharani. Paulo, ambaye njozi yake ya njia ya Dameski hakuna anayeishuku, alipanda Yerusalemu akawaeleza viongozi injili aliyokuwa akiihubiri, asije akawa anapiga mbio bure. Petro alipokosea Antiokia, Paulo alimpinga uso kwa uso, na kanisa halikuvunjika. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli. Luka anawasifu kwa hilo.

Mashtaka ya mauaji katika kesi ya Shakahola yanataja watoto 191. Ninapoifikiria idadi hiyo, mawazo yangu yanakwenda kwenye nyumba ya Yairo. Binti yake alikuwa na umri wa miaka 12. Waombolezaji walikuwa nje, baba na mama wamesimama chumbani pamoja na wanafunzi watatu, na mtoto aliyekuwa amekufa akainuka akatembea. Kila mtu mle ndani alishikwa na mshangao mkubwa. Marko anasema Yesu aliwaonya wasimwambie mtu habari ile, kisha akaagiza mtoto apewe chakula.