Ndege za Miraa Haziifukuzi Mvua ya Nyambene

Kila siku pikapu zilizosheheni miraa hutoka Maua mbio kuelekea Nairobi. Huko shehena hupakiwa kwenye ndege za mizigo, na muda si mrefu vijiti vilivyochumwa Laare, Kangeta au Mutuati vinatafunwa Mogadishu. Mkulima anayeitegemea ndege ndiye huyohuyo anayeitegemea mvua. Kwa hiyo Maua ina haki, pengine kuliko miji mingi ya Kenya, kuuliza swali linalozunguka kwenye simu za watu: je, ndege zinazopita angani na kuacha michirizi myeupe zinaharibu mvua?

Swali hilo limefika mbali. Nchini Marekani, jimbo la Tennessee lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kupiga marufuku kunyunyizia kemikali angani kwa lengo la kubadilisha hali ya hewa, na Florida ikafuata mwaka 2025. Wengi walioshangilia sheria hizo wanaamini kuwa michirizi ya ndege ni sumu inayomwagwa kwa siri. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliwauliza wataalamu 77 wa kemia ya anga na wa uchafuzi wa mazingira kama wamewahi kukutana na ushahidi wa mpango wa namna hiyo. Wataalamu 76 walijibu hapana. Aliyebaki alitaja kiwango kikubwa cha bariamu hewani katika eneo la mbali, basi.

Mchirizi ni wingu la barafu. Kilo moja ya mafuta ya ndege ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya mvuke wa maji, pamoja na masizi. Mvuke huo ukikutana na baridi kali, takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, hushika kwenye chembe za masizi na kuganda, na huonekana mweupe kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi ya Julai. Hewa ikiwa kavu, mchirizi hufutika upesi. Ikiwa imejaa unyevu, mchirizi hutanuka ukawa utando mwembamba wa wingu unaoweza kudumu kwa saa kadhaa. Ndiyo sababu anga la leo linaweza kujaa mistari na la kesho likawa safi, ingawa ndege ni zilezile.

Jiografia ya Maua nayo ina neno. Ikweta inapita kusini kidogo tu mwa mji huo, na katika ukanda huu baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hupatikana juu sana, takriban kilomita 10 na nusu kutoka usawa wa bahari. Ulaya, wakati wa majira ya baridi, hupatikana kwenye kilomita 8 hivi. Kwa miaka mingi miraa imebebwa na ndege za rafadha kama Fokker 50, ambayo kikomo chake cha kuruka ni mita 7,620. Kwenye mwinuko huo hewa ya ikweta haijafikia baridi ya kutengeneza mchirizi. Ndege kubwa za abiria zinazoondoka Nairobi nazo huhitaji kilomita 200 au zaidi kufikia mwinuko wa safari, umbali unaokaribia ule wa Maua kwa njia ya moja kwa moja. Zinazoweza kuchora mistari juu ya milima ya Nyambene ni zile chache zinazopita juu kabisa.

Na hata zikichora, zinabeba maji kiasi gani? Ndege ya ukubwa wa Boeing 737 huunguza karibu tani 2.5 za mafuta kwa saa na kutoa tani 3 hivi za maji, yaliyotawanyika kwenye njia ya zaidi ya kilomita 800. Mvua ya milimita 1 tu ikinyesha juu ya kilomita moja ya mraba ni tani 1,000 za maji. Mvua ya Nyambene haijengwi huko juu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ya milima, hupoa, kisha humwaga maji yanayolisha mito kama Ura, Rojewero na Bwatherongi hadi Mbuga ya Taifa ya Meru. Mchirizi unaoelea kilomita kadhaa juu ya mawingu hayo hauna nguvu ya kuyaamuru.

Ushahidi ulio karibu zaidi na mkulima wa Igembe, eneo la Maua, hata hivyo, uko kwenye historia ya soko lake mwenyewe. Machi 2020 Somalia ilifunga milango kwa miraa ya Kenya, na biashara hiyo haikufunguliwa tena hadi Julai 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili safari halali za miraa kwenda Mogadishu zilisimama. Kama ndege hizo ndizo zilizokuwa zikiifukuza mvua, kipindi hicho kingekuwa cha neema. Kilichotokea ni kinyume chake. Kuanzia msimu wa mvua za Oktoba hadi Desemba 2020, Pembe ya Afrika iliingia kwenye misimu mitano mfululizo ya mvua haba, na kaunti za kaskazini na mashariki mwa Kenya zikazika mifugo wengi.

Mwenye shaka anaweza kupinga kwa hoja nzuri: mbona masika ya 2020, wakati Kenya imesimamisha safari za abiria za kimataifa kuanzia tarehe 25 Machi kwa sababu ya korona, mvua ilinyesha hadi mafuriko? Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa, lakini inaanguka ukiitazama miezi iliyotangulia. Mvua kubwa ilikuwa imeanza mwishoni mwa 2019, ndege zikiruka kama kawaida. Kilichobadilika wakati huo ni joto la Bahari ya Hindi: maji ya upande wa Afrika yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia, hali ambayo kila inapozidi huleta mvua nyingi kwetu. Ndiyo iliyosaidia kuleta mvua za 1961, za 1997 na za mwisho wa 2023. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulienda sambamba na La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, na wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto duniani liliufanya ukame huo uwezekane angalau mara 100 zaidi. Na mwaka 1984 Kenya ilipigwa na ukame mbaya wakati ndege angani zilikuwa chache mno kuliko sasa.

Je, basi michirizi haina madhara? Inayo, ila si yale yanayosemwa. Utando wa barafu huzuia joto la ardhi lisitoroke kwenda anga za juu. Mchana huakisi pia mwanga wa jua na kupooza kidogo. Usiku hubaki kazi ya blanketi peke yake. Ukijumlisha yote, dunia inapata joto. Tathmini kubwa iliyochapishwa mwaka 2021, ikiongozwa na David Lee wa Chuo Kikuu cha Manchester Metropolitan, ilikadiria kuwa mawingu ya ndege huenda yanachangia zaidi joto la papo kwa papo kuliko hewa ya ukaa ambayo usafiri wa anga umerundika tangu ulipoanza, ingawa kiwango cha shaka katika hesabu hiyo ni kikubwa.

Habari njema ni kwamba tatizo hili lina dawa. Utafiti uliofanywa katika anga la Japani uligundua kuwa asilimia 2 hivi ya safari ndizo zilizosababisha asilimia 80 ya joto la michirizi. Mwaka 2023 American Airlines na Google walitangaza matokeo ya safari 70 za majaribio ambapo marubani walibadilisha mwinuko kukwepa hewa yenye unyevu. Michirizi ilipungua kwa asilimia 54. Tangu Januari 2025 Umoja wa Ulaya umeanza kuyataka mashirika ya ndege kupima na kuripoti madhara haya.

Hapa ndipo mjadala unapogeuka kuwa wa haki. Michirizi mingi huchorwa juu ya Ulaya, Marekani na Atlantiki ya Kaskazini. Joto lake linaingia kwenye hesabu ya dunia nzima, ikiwemo ya bahari inayomletea mvua mkulima wa Mutuati, ambaye huenda hajawahi kupanda ndege. Anayeshikilia kuwa ndege ya miraa ndiyo mkosaji anamsamehe mdaiwa halisi.

Wala si haki kuwabeza wenye shaka kana kwamba binadamu hajawahi kuchezea mawingu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zilitumwa kwenye mawingu ya Kericho na Nandi kuyamwagia iodidi ya fedha ili kupunguza mvua ya mawe iliyokuwa ikiharibu majani chai. Falme za Kiarabu huchochea mvua hadi leo, ingawa mafuriko ya Dubai ya Aprili 2024 yalitokana na dhoruba kubwa ambayo uchocheaji usingeweza kuiunda. Nako Nairobi, kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa la mwaka 2024, nchi za Afrika zilipinga mipango ya kupunguza mwanga wa jua kwa kumwaga chembe angani. Hofu hiyo ina msingi, na inahitaji sheria. Kazi za namna hiyo, hata hivyo, zina bajeti, marubani na kumbukumbu; hazisomwi kwa kutazama mstari mweupe.

Kwa hiyo Maua idai mambo matatu. Jaribio lolote la kubadilisha hali ya hewa katika anga la Kenya litangazwe hadharani kabla halijafanywa. Wajumbe wetu kwenye mikutano ya usafiri wa anga wadai kuwa njia za ndege zipangwe kwa kuzingatia michirizi, hasa kule inakozidi. Na Idara ya Hali ya Hewa, pamoja na Serikali ya Kaunti ya Meru, ziweke vipima mvua katika shule za Igembe, vipimo visomwe kila asubuhi, na utabiri wa msimu ufike kwa Kimeru redioni na sokoni kabla ya jembe kuingia shambani.

Mwakilishi wadi anayeomba kura mwaka 2027 aulizwe ni vipima mvua vingapi vinafanya kazi katika wadi yake.