Jua la Mchana, Umeme wa Usiku: Tuipime Bei kwa Saa Yake

Kila jioni, mara jua linapozama upande wa Magomeni, Kariakoo huwasha taa. Maduka ya Mtaa wa Kongo na wa Msimbazi hung'aa, majokofu ya vinywaji na samaki huendelea kuvuma, cherehani za umeme hazijanyamaza, na viyoyozi vya maghorofa ya katikati ya jiji vingali vikifanya kazi. Mwaka 2025 ilizinduliwa rasmi biashara ya saa 24 katika eneo hilo, na tangu hapo usiku wa Kariakoo umezidi kufanana na mchana wake. Kati ya saa moja na saa nne usiku ndipo nchi nzima inapohitaji umeme kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Na ndipo paneli za jua zinapokuwa hazitoi kitu.

Swali ambalo kila mwalimu wa fizikia amewahi kuulizwa darasani ni hili: je, haiwezekani joto la jua la mchana likawekwa akiba, likatumika usiku? Inawezekana, na njia yake inajulikana. Kinachobishaniwa ni bei. Nami naona kwamba katika mabishano hayo bei hupimwa vibaya. Tunalinganisha uniti ya umeme na uniti nyingine pasipo kuuliza kila moja ni ya saa ngapi, imepatikana chini ya anga la namna gani, na mtaji wake ulikopwa kwa riba gani.

Hapana budi kwanza kueleza mtambo wenyewe. Vioo vingi hulifuata jua na kuielekeza mionzi yake kwenye bomba, au kwenye kilele cha mnara. Ndani ya kilele hicho hupita chumvi iliyoyeyuka. Si chumvi ya mezani, bali ni mchanganyiko wa naitreti ya sodiamu, asilimia 60, na naitreti ya potasiamu, asilimia 40. Huingia ikiwa na nyuzi 290 za Selsiasi na kutoka ikiwa na nyuzi 565, kisha hukaa katika tangi lililozungushiwa vizuia joto mpaka itakapohitajika kuchemsha maji. Tangu hapo mambo ni yale yale ya kituo cha makaa ya mawe: mvuke huzungusha gurudumu, nalo huzungusha jenereta.

Mwanafunzi na achukue kalamu. Kilo moja ya chumvi hiyo huhitaji karibu kilojuli 1.5 ili joto lake lipande kwa uzi mmoja. Tani moja ikipandishwa nyuzi 275 hubeba karibu megajuli 412, yaani kilowati-saa 115 za joto. Mitambo ya mvuke ikigeuza asilimia 40 ya joto hilo kuwa umeme, tunapata kilowati-saa 46: zatosha kuwasha taa 900 za wati 10 tangu saa moja jioni hadi saa sita usiku.

Wakazi wa Kariakoo wanalo mbele ya macho yao jengo linaloieleza hekima hii. Soko kuu, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliezekwa kwa miavuli mikubwa ya zege iliyopinduliwa, ili maji ya mvua yateremke hadi katika hodhi lililo chini ya jengo. Soko hilo liliungua mwaka 2021, lakini wazo la msanifu halikuungua: kinga kinapopatikana kwa wingi, tumia kinapoadimika.

Wala si jambo geni barani Afrika. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Kairo, Mmarekani Frank Shuman alisimamisha safu za vioo virefu vilivyopinda kama hori, vikatoa mvuke wa kuendeshea pampu ya kuvuta maji ya Mto Nile. Vita vya mwaka 1914 viliikomesha kazi hiyo, na baadaye mafuta ya bei nafuu yakaifanya isahaulike. Ilifufuka huko California katika miaka ya 1980. Mwaka 2011 kituo cha Gemasolar nchini Hispania kilianza kazi kikiwa na akiba ya joto ya saa 15, na Moroko ikafuata kwa vituo vya Ouarzazate, cha kwanza kikiwa tayari mwaka 2016.

Bei nazo zimeshuka. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu, uniti ya umeme wa vituo hivi duniani iligharimu karibu senti 39 za dola mwaka 2010, na karibu senti 12 mwaka 2023. Lakini katika miaka hiyo hiyo uniti ya paneli iliteremka kutoka karibu senti 46 hadi chini ya senti 5. Msomaji atasema shauri limekwisha. La hasha! Uniti ya senti 5 hupatikana saa sita mchana. Ukiitaka saa mbili usiku, ongeza gharama ya betri, ndipo ulinganishe. Sitaki kuficha kwamba betri nazo zinazidi kushuka bei, tena upesi; kwa akiba ya saa mbili au tatu sioni jinsi chumvi itakavyozishinda. Nafasi ya chumvi ni akiba ndefu, ya saa kumi na zaidi. Wala matangi yake hayakosi maradhi. Kituo cha Crescent Dunes huko Nevada kilisimama kwa miezi mingi baada ya tangi kuvuja mwaka 2016, na kimoja cha Ouarzazate kikapatwa na mkasa kama huo mwaka 2024.

Kwangu mimi, kikwazo kikubwa zaidi kwa nchi kama yetu ni riba. Kituo cha gesi hulipia nishati yake mwaka hadi mwaka, lakini kituo cha vioo hulipia karibu kila kitu siku kinapojengwa. Tuseme kimegharimu shilingi bilioni 100, nao mkopo unalipwa kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 5, malipo ya kila mwaka ni karibu bilioni 7.1. Kwa riba ya asilimia 12, ni karibu bilioni 12.7. Vioo ni vile vile na jua ni lile lile, ila bei ya uniti imeongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Dubai ilipotangaza mwaka 2017 kwamba itapata umeme wa namna hii kwa senti 7.3, wengi walisifu mnara wake. Wachache walitazama kwamba mkataba ulikuwa wa miaka 35, na fedha zilikopwa kwa masharti nafuu.

Kisha tujiulize, hapa Tanzania chumvi ingeshindana na nani? Ingeshindana na maji. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024, lenyewe ni ghala kubwa la nishati. Paneli za Kishapu zikifanya kazi mchana, maji husubiri usiku. Katika mwaka wa mvua njema, hakuna tangi la chumvi litakalolishinda bwawa hilo kwa bei. Lakini tazameni ramani. Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa hili jipya vyote vimo katika bonde moja, la Rufiji. Ukame ukilipata bonde hilo, vyote huugua pamoja, na wafanyabiashara wa Kariakoo hawajasahau mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na wa 2011, jenereta zikinguruma kila mlango. Gesi ya Songo Songo na Mtwara hutuokoa, nayo ni mali inayopungua. Hali kadhalika, mwaka usio na mawingu ya mvua ndio mwaka ambao vioo huvuna zaidi. Thamani ya kituo cha vioo ingepimwa katika mwaka kama huo.

Kituo hicho, hata hivyo, kisijengwe pwani. Vioo huhitaji mionzi inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua, lakini anga la Dar es Salaam lina unyevu na mawingu mengi yanayoitawanya mionzi hiyo. Chukueni lenzi siku ya utusitusi: karatasi haitaungua, ingawa paneli itaendelea kutoa umeme kiasi. Mahali pa kutazamia ni Dodoma, Singida na Shinyanga, na kabla ya kuzungumza na mkopeshaji yeyote yatupasa tuwe na vipimo vya miaka kadhaa vya mionzi ya moja kwa moja ya huko. Mkopeshaji asiyeonyeshwa vipimo huongeza riba.

Na Kariakoo je? Humo akiba ya joto la jua ingeweza kuanza sasa, pasipo chumvi wala mnara. Nyumba nyingi za wageni hupasha maji ya kuoga kwa umeme, tena jioni ile ile. Mgeni mmoja akioga lita 30 zilizopandishwa kutoka nyuzi 27 hadi 42, ametumia karibu nusu kilowati-saa. Wageni 100 ni kilowati-saa 52, kuliko umeme wote tuliouona ukitoka katika tani moja ya chumvi. Mabamba meusi yaliyofunikwa kwa kioo hupokea hata mionzi iliyotawanyika, na tangi la lita 1,400 lenye maji ya nyuzi 60, likizuiwa lisipoteze joto, latosha kwa wageni wote hao. Mwenye nyumba hana haraka ya kulinunua, kwa kuwa anayenunua umeme kwa LUKU hulipa bei ile ile saa sita mchana na saa mbili usiku. Uniti ya usiku ikiuzwa ghali kidogo, na ya mchana ikipunguzwa kwa kadiri hiyo hiyo, atapiga hesabu mwenyewe.